KIPIMO CHA INSULINI KINAPOPANDA

Leo nataka kunena habari za ugonjwa wa kisukari. Wala si kisukari chote, bali kile kiitwacho aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, na ambacho mwenye nacho hawezi kuishi pasipo sindano za insulini kila siku. Katika habari hiyo nimechagua jambo moja tu, kwa sababu nimeona kwa macho yangu hatari yake watu wasipolielewa. Jambo lenyewe ni hili: mgonjwa aliyeanza kwa dawa kidogo huja akahitaji dawa nyingi zaidi. Je, huko ni kuzidiwa na ugonjwa? Na wazazi wake yawapasa kufanya nini?

Mimi si daktari. Ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na haya nitakayoyasema nimefundishwa na madaktari na wauguzi, hasa baada ya usiku mmoja ninaotaka kuwasimulia.

Daftari la baba mmoja

Karibu na chuo chetu iko shule ya mazoezi, ambamo wanafunzi wetu hujifunza kusomesha. Katika darasa la sita alikuwamo kijana wa miaka 13 mwenye ugonjwa huu. Jioni moja baba yake alinijia nyumbani, ameshika daftari dogo la shule. Baada ya kuamkiana alilifungua akaniwekea mezani.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa hesabu. Hebu nitazamie hizi. Mtoto alipoanza dawa, miaka mitatu iliyopita, alikuwa akipigwa yuniti 14 kwa siku. Mwaka uliofuata zikawa 24. Mwaka jana 36. Sasa hospitali wameandika 52. Nami nauliza, ni dawa gani hii isiyoshiba? Jirani zangu wasema mwili umeizoea, kama mlevi na pombe, na ya kwamba mwisho wake hapatakuwa na dawa ya kumtosha. Kwa hiyo nimeanza kumpunguzia. Leo ni siku ya tano, nampiga 33."

Nikamwuliza, "Na leo yu hali gani, mzee wangu?"

"Amelala. Maji anakunywa hata mtungi wakauka, na haja ndogo haimpi nafasi. Tangu adhuhuri anatapika, na tumbo lamwuma. Twadhani ni malaria. Twangoja kupambazuke tumpeleke."

Hatukungoja kupambazuke. Tulimkuta kijana anahema kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima, hali amelala kitandani; na pumzi zake zilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva mno. Tulitafuta gari tukamfikisha hospitali usiku ule ule. Huko walipima damu na mkojo, wakaona sukari imepanda mno, na mkojo umejaa vitu viitwavyo ketoni, ambavyo huigeuza damu kuwa kali kama siki. Daktari alituambia kwamba lau tungalingoja asubuhi, huenda tungalimkosa. Alitiwa maji na insulini katika mshipa, na siku ya sita akarudi nyumbani.

Katika siku zile sita mimi na baba yake tulikaa mara nyingi kwenye benchi la wodi, na bibi mwuguzi aliyekuwa mwema sana alitufundisha kana kwamba sisi ndio wanafunzi. Mafundisho yake ndiyo haya.

Kazi ya insulini

Chakula tulacho, hasa ugali, wali, ndizi, viazi na mkate, hugeuka kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Damu huichukua kila mahali mwilini, kama mfereji uchukuavyo maji kutoka mlimani. Ninyi mkaao Upare na Uchagani mwaijua sana mifereji. Maji yaweza kujaa mferejini hata yakafurika njiani, na shamba lililo kando yake likakauka vilevile, ikiwa hapana mtu wa kufungua mlango wa maji yaingie shambani. Insulini ndiyo mfunguaji huyo. Sukari iliyomo katika damu haiingii vema katika misuli na sehemu nyingine za mwili mpaka insulini iifungulie.

Mtu mzima wa afya hutengeneza insulini yake mwenyewe katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu vya maradhi, hukosea adui, ikaziangamiza chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Haukuletwa na kula sukari, wala si ugonjwa wa kuambukiza, wala hapana jirani aliyeutuma. Mfunguaji amekufa, basi. Sukari hujaa katika damu na kumwagikia katika mkojo, na mwili uliozungukwa na sukari hiyo hufa njaa. Ndipo mwili huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na katika kuchomeka huko hutoka zile ketoni zilizokuwa karibu kumwua kijana wetu.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa. Madaktari waliweza tu kumnyima mtoto chakula, ili siku zake zirefuke kidogo. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya mwalimu wao J. J. R. Macleod, walifaulu kutoa insulini katika kongosho za wanyama, na James Collip akaisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Dawa ile ilikuwa bado na uchafu, haikumfaa sana. Lakini ilipokwisha kusafishwa zaidi alianza kupigwa tena tarehe 23 mwezi ule ule, na sukari yake ikashuka.

Mwezi wa Agosti mwaka huo alifika kwa Banting msichana wa Marekani, Elizabeth Hughes, karibu kutimiza miaka 15. Alikuwa amekonda hata uzito wake ni ratili 45 tu, yaani kilo zipatazo 20. Alianza insulini, akanenepa, akasoma, akaolewa, akazaa watoto watatu, akaishi hata mwaka 1981. Alitumia insulini zaidi ya miaka 58. Nilimsimulia baba wa kijana habari hiyo, kwa maana inajibu swali la jirani zake. Insulini si kileo ambacho mwili hukizoea na kukidai zaidi. Ni kitu ambacho mwili wa kila mmoja wetu hukitumia tangu tumboni mwa mama. Kipimo kikipanda, hupanda kwa sababu, na sababu hizo zaweza kujulikana.

Kwa nini haja huongezeka

Sababu ya kwanza ni kwisha kwa fungate. Mtoto aanzapo kutibiwa, chembe chache za kongosho zilizosalia hupata nafuu, zikatoa insulini kidogo kwa wiki au miezi kadha, pengine hata mwaka na zaidi. Muda huo madaktari wameufananisha na fungate ya maarusi, kwa kuwa ni mtamu lakini haudumu. Kipimo huwa kidogo sana, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mtoto akiwa amenyweshwa mizizi katika siku hizo, husema mizizi imemponya, wakaacha sindano. Hakupona. Chembe zilizosalia nazo zitakufa, na kipimo hakina budi kupanda. Mzazi asihesabu kupanda huko kuwa ni ugonjwa mpya. Ni fungate iliyokwisha.

Sababu ya pili ni kukua. Mwili mkubwa wahitaji zaidi kuliko mwili mdogo, kama shamba la ekari mbili lihitajivyo maji kuliko la ekari moja. Tena, mtoto anapobalehe, mwili hutoa kwa wingi homoni za kukuza, nazo huipinga kazi ya insulini. Ni kama milango ya mfereji kuvimba na kuwa mizito, hata mlango uliofunguliwa na mtu mmoja sasa wahitaji wawili. Tangu mwaka 1936 daktari Mwingereza Harold Himsworth alikwisha kuonyesha kwamba miili ya wagonjwa haiitikii insulini kwa namna moja: mwingine huitikia upesi, mwingine kwa shida. Na mwili ule ule waweza kubadilika, leo upesi, kesho kwa shida.

Hapa wanafunzi na watwae kalamu. Madaktari hukadiria hivi: wakati wa fungate, mara nyingi mtoto hutumia chini ya nusu ya yuniti kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Fungate ikiisha, kabla ya kubalehe, hutumia kama yuniti 0.7 hadi 1 kwa kilo. Wakati wa kubalehe wengi hupita 1.2, na wengine hukaribia 2. Kijana wetu alipoanza alikuwa na kilo 30 na yuniti 14. Gawanyeni, mtapata kama 0.47. Sasa ana kilo 44 na yuniti 52. Gawanyeni tena, mtapata karibu 1.2. Basi ile hesabu iliyomtisha baba yake ndiyo hesabu ya kijana anayekua kama wenziwe. Ujana ukipita, mara nyingi haja hushuka kidogo. Wasichana nao, wengine huona sukari yao ikipanda siku chache kabla ya hedhi, kisha ikarudi.

Sababu ya tatu ni maradhi mengine. Homa, malaria, jipu, jino bovu, kifua: yote haya huuamsha mwili kutoa homoni za kupigana, na homoni hizo huipandisha sukari hata kama mgonjwa hakula kitu. Ndiyo sababu ni hatari kusema, "Leo hakula, basi tusimpige sindano." Siku za homa pengine atahitaji insulini zaidi kuliko siku za afya. Dawa nyingine pia huipandisha sukari, kwa mfano prednisoloni. Kwa hiyo kila mara mwambieni mwandika dawa kwamba mgonjwa ana kisukari.

Sababu ya nne ni mabadiliko ya kazi na chakula. Mtoto aliyekuwa akitembea mwendo mrefu kwenda shule, na jioni akichota maji na kulima, akiingia shule ya bweni ambako hukaa darasani kutwa, haja yake hupanda. Wakati wa kulima na kuvuna hushuka tena.

Sababu ya tano ni mimba. Mwanamke mwenye kisukari cha aina hii, akiwa mja mzito, haja yake yaweza kupungua kidogo katika miezi ya mwanzo, kisha hupanda sana kuanzia mwezi wa nne au wa tano, hata kufika mara mbili ya kwanza. Akiisha kujifungua hushuka ghafula. Huyo asikae mbali na hospitali.

Kabla ya kuongeza dawa, chunguza dawa

Bibi mwuguzi alitwambia neno ambalo nimelishika sana. Alisema, "Wakati mwingine haja haikupanda hata kidogo. Dawa ndiyo haimfikii mgonjwa." Kwa hiyo, sukari ikipanda pasipo sababu ya wazi, yafaa kutazama mambo manne kwanza.

La kwanza, kichupa chenyewe. Insulini huharibiwa na joto kali, na jua, na kuganda kwa baridi. Kichupa kisichofunguliwa hutunzwa katika friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu. Kilichofunguliwa chaweza kukaa mahali pa baridi nyumbani, kisha kitupwe baada ya wiki nne hata kama kimesalia kitu. Asiye na friji aweza kutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowanishwa katikati, vikiwekwa kivulini penye upepo. Kichupa hufungwa katika mfuko usioingia maji. Insulini iliyo safi kama maji ikiwa na ukungu, au iliyo nyeupe kama maziwa ikishikamana mabonge hata baada ya kuviringishwa taratibu kati ya viganja, haifai tena.

La pili, mahali pa sindano. Mtoto hupenda kupigwa pale pale kila siku, maana pamekwisha kuwa sugu wala hapaumi. Lakini pale nyama huota uvimbe laini wa mafuta, na insulini ipigwayo katika uvimbe huo huingia mwilini kwa kusitasita. Papasa kwa vidole. Ukiona uvimbe, paache pasiguswe kwa miezi, ukahamie mahali pengine: tumbo, mapaja, mikono ya juu, matako, kwa zamu. Ila uwe na hadhari: dawa ikianza kuingia sawasawa, kipimo cha juzi chaweza kuzidi, kikamshusha sukari kupita kiasi. Mwombe daktari ushauri kabla ya kuhama.

La tatu, bomba la sindano. Alama za bomba sharti zipatane na nguvu ya dawa. Kichupa kilichoandikwa yuniti 100 kwa mililita hutumiwa na bomba la yuniti 100 kwa mililita, wala si jingine.

La nne, ukweli. Kijana aweza kuruka sindano kwa aibu ya wenzake, kisha akaandika katika daftari kwamba amepiga. Usimpige wala usimtukane. Mwulize kwa upole, ukae naye apigapo.

Namna ya kupandisha

Kijana wetu hutumia insulini ya mchanganyiko, asubuhi yuniti 34 na jioni 18. Sukari ya asubuhi kabla ya kula hushuhudia kazi ya sindano ya jioni. Na sukari ya jioni kabla ya kula hushuhudia kazi ya sindano ya asubuhi. Basi mtu apime nyakati hizo, aandike tarehe, saa, sukari, kipimo, chakula na kazi ya siku hiyo. Siku moja ya sukari nyingi si kitu. Huenda ilikuwa harusi. Lakini sukari ikiwa juu saa ile ile kwa siku tatu mfululizo, nayo dawa ni nzima na mwili hauna homa, hapo kweli haja imepanda.

Tena hupandishwa sindano ile tu yenye upungufu, na kwa kiasi kidogo, kama sehemu ya kumi: sindano ya yuniti 18 hufanywa 20, kisha hungojwa siku mbili tatu na kupimwa tena. Aliyefundishwa na kliniki yake kufanya hivyo na afanye. Asiyefundishwa na aende na daftari lake, kwani daftari lililoandikwa vema ni nusu ya utabibu. Na kabla ya kupandisha sindano ya jioni, yafaa usiku mmoja au mbili kuamka saa tisa na kupima, ili kujua kama sukari haishuki mno mtoto akiwa usingizini.

Maana upande wa pili nako kuna shimo. Insulini ikizidi, sukari hushuka. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huona njaa, hukasirika bure, husema maneno yasiyoelewana, na mwisho huzimia. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambazo mashine nyingine huandika 70, apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji kidogo, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado apewe tena, kisha ale. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi. Nasi walimu tukumbuke dalili hizi, tusije tukamchapa mtoto kwa ukaidi kumbe sukari yake imeshuka.

Siku za homa sheria ni hizi: usiache insulini, pima kila saa tatu au nne, mpe maji kwa wingi, pima ketoni katika mkojo ukiwa na vijiti vya kupimia. Akitapika asiweze kuzuia kitu, au akihema kwa nguvu, au akilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Hesabu ya kichupa

Sasa nirudi kwa baba wa kijana. Siku ya tatu pale benchini nilikuwa nikizungusha kichwani ile namba 33. Kwa nini 33? Mtu apunguzaye kwa hofu angalisema 30 au 40. Nikaomba kutazama kichupa. Kina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Basi ni yuniti 1,000. Nikazigawanya kwa siku 30, nikapata 33.

Nikamwambia, "Mzee wangu, wapewa vichupa vingapi kwa mwezi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kimoja, Mwalimu. Tangu mwanzo ni kimoja."

Ndipo alipoeleza yote. Kwa yuniti 14 kijana alitumia 420 kwa mwezi, na kichupa kilibaki. Kwa 24 alitumia 720, kikatosha. Kwa 36 zilitakiwa 1,080, na kichupa kilikwisha siku mbili kabla ya mwezi. Baba alijikaza, akagawa. Kwa 52 zatakiwa 1,560, na kichupa kimoja hukwisha siku ya 19. Huko kliniki kipimo kilipandishwa katika kadi, lakini katika kitabu cha dawa hesabu ya vichupa haikubadilishwa. Naye baba aliona haya kuomba. Alidhani kwamba apewacho bure hakiombewi nyongeza. Maneno ya jirani juu ya mwili kuizoea dawa yalimpa tu kisingizio cha kufanya lile ambalo umaskini ulikuwa umekwisha kumlazimisha.

Bibi mwuguzi aliposikia hayo hakumkemea. Alikwenda na daftari kwa mkuu wa kliniki, na siku ya kutoka hospitali kijana alipewa vichupa viwili, na katika kitabu pakaandikwa viwili. Katika nchi za Afrika Mashariki ziko kliniki ambazo, kwa msaada wa mipango ya kimataifa, huwapa watoto na vijana wenye kisukari hiki insulini bila malipo. Lakini kliniki haiwezi kujua kichupa kilichokwisha nyumbani mwako usipoiambia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nami naongeza kwamba mficha upungufu wa dawa ni ndugu yake.

Kwa hiyo, kila kipimo kinapopandishwa, usitoke kliniki kabla ya kufanya hesabu hii: yuniti za siku moja, mara siku mpaka utakaporudi, gawanya kwa 1,000. Likibaki sazo, hesabu kichupa kingine kizima. Mtoto yeyote wa darasa la tano aweza kumfanyia babu yake hesabu hiyo. Na dawa ikikaribia kwisha, nenda kabla haijaisha. Usiigawe, maana mwili haujui kungoja mwisho wa mwezi.

Kijana yule sasa amerudi darasani. Wenzake wamefundishwa dalili za sukari kushuka, na mwalimu wake ameweka sukari katika kopo dogo ndani ya kabati. Baba yake bado huleta daftari kwangu Jumapili jioni, tukalitazama pamoja. Mara ya mwisho aliyoleta, kipimo kilikuwa kimefika 56. Alikiandika kwa mkono wake, na kando yake akaandika uzito wa mtoto, kilo 47, na chini, kwa herufi kubwa, VICHUPA 2. Hakuniuliza neno.

Basi, ninyi mlio na mtoto kama huyu nyumbani au darasani, kipimo kikipanda msiogope, wala msipunguze kwa siri. Ulizeni sababu, chunguzeni dawa, andikeni, hesabuni vichupa, mkaseme kliniki. Kwaherini, hata mazungumzo mengine.